Muulize Babu wa Injini: Nyambizi U-198 nje ya pwani yetu

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, kwamba vita vya Hitler vilifika mpaka Bahari ya Hindi. Barua zimefurika. Nyingi zinauliza jambo lilelile, kwa hiyo naanza na ile iliyouliza vizuri kuliko zote. Zilizobaki nitazijibu kadiri nafasi itakavyoruhusu.

Shikamoo Babu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mtwara. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Msimbati, na alikuwa akitusimulia kwamba wakati wa vita vya Hitler Wajerumani walipita huku chini ya maji wakazamisha meli mbili ndani ya siku mbili. Nikiwaambia wanafunzi wangu wananicheka, wanasema Hitler alikuwa Ulaya. Je, kuna ukweli wowote? Kama upo, ni nyambizi gani, ilitoka wapi na iliishia wapi? (Mwalimu, Mtwara)

Marahaba, Mwalimu, na Mungu amrehemu babu yako. Meli mbili ndani ya siku mbili ni kweli tupu. Ya kwanza iliitwa Empire City, ikazamishwa tarehe 6 Agosti 1944 nje ya Mocímboa da Praia, yaani si mbali kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Ya pili iliitwa Empire Day, ikazamishwa kesho yake, tarehe 7, kiasi cha maili 200 mashariki ya Dar es Salaam. Zote mbili ni za Waingereza, zote zilikuwa zikisafiri peke yake bila manowari ya kuzilinda, na zote zilipigwa na nyambizi moja, U-198.

Hao wanaosema Hitler alikuwa Ulaya hawajakosea, ila hawajui mafuta yake yalifika wapi. Nyambizi za kawaida za Wajerumani, zile zilizokuwa zikiwinda Atlantiki, zisingeweza kuja huku na kurudi. U-198 ilikuwa ya aina nyingine, IXD2, iliyoundwa mahsusi kwa safari za mbali. Ilijengwa Bremen katika karakana ya AG Weser, ikashushwa majini Juni 1942, ikaingia jeshini tarehe 3 Novemba mwaka huohuo. Urefu wake mita 87.6. Ikielea ilikuwa na uzito wa tani 1,610. Ilibeba torpedo 24, yaani mabomu yanayojiendesha majini, na matundu ya kuzirushia yalikuwa sita, manne mbele na mawili nyuma. Mafuta yake yaliweza kuipeleka zaidi ya maili 20,000 za baharini. Zungusha uzi kwenye tufe la darasani uone maili hizo zinafika wapi.

Kwangu mimi niliyezeekea chumba cha injini, kinachonivutia si torpedo. Ni mpangilio wa mashine. IXD2 ilikuwa na dizeli kubwa mbili za MAN kwa ajili ya mbio, na pamoja nazo dizeli ndogo mbili za kutembelea. Dizeli kubwa ukiiendesha polepole miezi mitatu inajaa masizi, inakunywa mafuta bure na inakuharibia vali. Yule aliyewapa injini ndogo kwa ajili ya safari ya polepole alikuwa mtu wa spana, si mtu wa dawati.

Safari ya kwanza ilianza Kiel tarehe 9 Machi 1943, chini ya Werner Hartmann. Huyu hakuwa kijana. Alizaliwa 1902, na mwanzoni mwa vita alikuwa ameshajipatia jina Atlantiki akiwa na U-37. Wenzake wengi wa umri ule walikuwa wameshapewa kazi za ofisini. Alizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaanza kuwinda kati ya Durban na Lourenço Marques, mji ambao leo tunauita Maputo. Tarehe 17 Mei akazamisha Northmoor, tarehe 29 Hopetarn. Tarehe 5 Juni ikawa zamu ya Dumra, meli ya kampuni ya British India. Wazee wa pwani wanaokumbuka meli za BI watajua nazungumzia nani. Kesho yake akazamisha William King, meli ya Wamarekani, na nahodha wake akachukuliwa mateka. Julai akaongeza nyingine. Alipofika Bordeaux tarehe 24 Septemba alikuwa amezamisha meli 7 na amekaa baharini siku 200 hivi. Ni siku nyingi, lakini hakuvunja rekodi: wenzao wa U-196, walioondoka wiki hiyohiyo ya Machi, walikaa siku 225, na hakuna nyambizi ya Wajerumani iliyokaa zaidi katika vita vile.

Utaniuliza, na mafuta? Hata matangi makubwa hayatoshi kwa siku 200 za kuwinda. Juni 1943, kusini ya Mauritius, meli ya mafuta iitwayo Charlotte Schliemann ilikuwa ikiwasubiri katikati ya bahari tupu. Nyambizi sita zilikusanyika pale kwa zamu: U-177, U-178, U-181, U-196, U-197 na U-198. Waliunganisha mipira wakanyonya mafuta, wakapokea chakula, wakapeana habari, kisha kila moja ikashika njia yake. Mateka nao walihamishwa hapo. Ukitaka kuelewa vita ile katika bahari yetu, Mwalimu, usianze na torpedo, anza na mpira wa mafuta. Waingereza walilielewa hilo. Februari 1944 manowari Relentless iliikuta Charlotte Schliemann, na mwezi uliofuata manowari Roebuck ikaikuta Brake, meli nyingine ya kazi hiyohiyo. Baada ya hapo nyambizi iliyokuja huku ilijua kwamba hakuna kituo cha mafuta njiani, na kwamba itabidi imalizie safari bandari za Wajapani, Penang au Batavia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa U-198 ilipoondoka La Pallice, Ufaransa, tarehe 20 Aprili 1944 kwa safari ya pili. Hartmann alikuwa ameshahamishwa. Sasa nahodha alikuwa kijana, Burkhard Heusinger von Waldegg. Tarehe 16 Juni akazamisha Columbine ya Afrika Kusini, tarehe 15 Julai akazamisha Director, kisha akapanda kaskazini kupitia mkondo wa Msumbiji. Ndipo tunapofika kwenye siku mbili za babu yako.

Watu wengi wanadhani nyambizi ilikuwa chombo cha chini ya maji. Nyambizi ya 1944 ilikuwa meli ya juu ya maji yenye uwezo wa kujificha kidogo, basi. Dizeli inataka hewa. Ukifunga vifuniko ukazama, dizeli zinazimwa na unatembea kwa mota za umeme zinazokula betri. IXD2 chini ya maji, kwa mwendo wa maili 4 kwa saa, ilikuwa na maili 57 tu. Hesabu: saa 14 na dakika kidogo. Baada ya hapo betri imekufa, na lazima upande juu kama pomboo, uwashe dizeli na kuchaji kwa saa kadhaa ukiwa wazi chini ya nyota. Na juu, usiku wa 1944, kulikuwa na ndege zenye rada.

Sasa chukua ramani. Empire Day ilipigwa takriban nyuzi 7 kusini, nyuzi 42 mashariki. U-198 ilizamishwa tarehe 12 Agosti ikiwa nyuzi 3 na dakika 35 kusini, nyuzi 52 na dakika 49 mashariki, kaskazini-magharibi ya Mahé, Shelisheli. Nimepima kwa rula: ni karibu maili 680 ndani ya siku zisizozidi tano, yaani kama maili 140 kwa siku. Chini ya maji haiwezekani hata kidogo. Ilibidi wakimbie juu, tena saa nyingi, wakielekea mashariki kuzikwepa ndege za pwani. Ndiyo maana naona hukumu yao ilishaandikwa tarehe 7, si tarehe 12. Meli mbili ndani ya siku mbili, mstari ulionyooka kutoka kusini kwenda kaskazini, na Mwingereza anajua mwendo wa nyambizi na kiu yake ya hewa. Anachora duara kwenye ramani, na kila saa inayopita anaongeza ukubwa wa duara. Kilichobaki ni kulijaza kwa ndege na meli.

Alilijaza kweli. Kulikuwa na manowari mbili ndogo za kubebea ndege, Begum na Shah, pamoja na frigeti kadhaa, yaani manowari za kusindikiza. Tarehe 10 Agosti ndege iliyoruka kutoka Shah iliiona U-198. Nyambizi ikazama. Kuzama ndiko walikokutaka, maana sasa haiwezi kukimbia. Tarehe 12 wakaipata kwa sona, chombo cha kutafuta kwa sauti chini ya maji, na manowari mbili zikaingia kazini: Findhorn ya Uingereza na Godavari ya jeshi la majini la India. Silaha iliyotumika ilikuwa tofauti na mapipa ya baruti yale ya kuviringisha nyuma ya meli. Hii ilirusha mbele ya meli makombora madogo 24 kwa mpigo, nayo hayalipuki kwa kina kilichopangwa. Yanalipuka yakigonga chuma tu. Kwa hiyo ukisikia mlipuko, umepiga. Walisikia.

Wajerumani wote 66 walikufa. Na hili mara nyingi huachwa, Mwalimu, ila wewe usiliache: ndani ya U-198 alikuwamo pia ofisa mmoja wa Empire Day, aliyechukuliwa mateka meli yake ilipozama. Katika meli ile karibu kila mtu aliokoka. Yeye ndiye peke yake aliyepotea, akiuawa na mabomu ya upande wake mwenyewe, siku chache baada ya meli yake kuzama mbele ya macho yake.

Godavari, kama unapenda kujua meli zinaishia wapi, ilikwenda Pakistan nchi zile zilipogawana 1947 ikapewa jina Sind. Hiyo haihusiani na swali lako, lakini mimi meli haziniishi hamu.

Kuhusu wanafunzi: usiwahutubie. Wape ramani, rula na hizo nyuzi nilizoandika hapo juu, pamoja na ile hesabu ya maili 57. Waache waitafute wenyewe nyambizi ilikuwa juu au chini.

Babu, heshima yako. Nasoma ufundi wa dizeli hapa Tanga. Hao watu wa nyambizi walipumua nini, walikula nini, na (samahani) haja walikwenda wapi, siku zote hizo? (Mwanafunzi, Tanga)

Samahani ya nini, mjukuu wangu? Swali la choo ndilo swali la kwanza la fundi yeyote mwenye akili.

Ndani ya nyambizi bomba la choo linasukuma uchafu nje dhidi ya uzito wa bahari. Kila mita kumi unazoshuka, bahari inakusukuma kwa nguvu nyingine kama ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo pampu ya kawaida ya mkono inafanya kazi ukiwa karibu na uso tu. Chini zaidi ilibidi wavumilie, au watumie ndoo. Baadaye Wajerumani walitengeneza choo cha presha kubwa chenye vali nyingi, na kukitumia kulihitaji mafunzo. Aprili 1945, pwani ya Scotland, ndani ya U-1206, vali zikafunguliwa kwa mpangilio usio sahihi. Maji ya chumvi yakaingia, yakafika kwenye betri, na ukichanganya asidi ya betri na maji ya chumvi unapata gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Wakapanda juu kupumua, ndege ikawakuta, ikawa mwisho wa nyambizi. Uandike kwenye daftari lako: soma maelekezo kabla ya kushika vali.

Hewa: wakiwa chini walipumua ile waliyoshuka nayo. Kulikuwa na dawa ya kufyonza kaboni dioksaidi na mitungi ya oksijeni ya kuongeza kidogo kidogo. Asiyekuwa zamu aliamriwa alale, maana aliyelala anatumia hewa kidogo. Walipopanda juu, dizeli zenyewe zilinyonya hewa safi kupitia chomboni, kwa hiyo kuchaji betri na kubadilisha hewa kulikwenda pamoja.

Chakula: safari ikianza kila upenyo unajazwa. Soseji zinaning'inia kati ya mabomba, mikate imewekwa juu ya torpedo, viazi vimelundikwa chini. Vyoo vilikuwa viwili tu kwa watu sitini na kitu, na mara nyingi kimoja kiligeuzwa stoo mpaka chakula kipungue. Mikate ilipata ukungu mweupe mapema, na baada ya hapo ni makopo. Na kitanda si chako peke yako: ukitoka zamu unaingia kwenye godoro lenye joto la mwenzako. Huku kwetu kwenye joto la ikweta chumba cha dizeli kilipita nyuzi 40 bila shida. Mimi nimefanya kazi kwenye joto kama hilo, lakini nilikuwa na ngazi ya kupanda sitahani nikavute upepo. Wao ngazi walikuwa nayo; ruhusa ndiyo hawakuwa nayo.

Walikuwa pia na kitu ambacho wewe fundi utakipenda. Nyambizi iko chini sana juu ya maji, kwa hiyo mlinzi wake haoni mbali. Nyambizi za IXD2 zilipewa chombo chepesi chenye panga zinazozunguka juu, hakina injini. Mtu anakaa, kamba inafungwa, nyambizi inakimbia, naye anapaa nyuma yake kama tiara na darubini shingoni. U-177 ilikitumia Agosti 1943 karibu na Madagaska kuiona meli ya Wagiriki, Efthalia Mari, ikaizamisha. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake fikiria mwenyewe: ndege ya adui ikitokea, nahodha anataka kuzama sekunde hiyohiyo, na wewe uko angani.

Shikamoo Babu. Kaka yake babu yangu alikuwa mwanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki na alikufa baharini 1944 katika meli iitwayo Khedive Ismail iliyotoka Mombasa. Nyumbani tunasema "aliuawa na nyambizi ya Wajerumani." Ndiyo hiyo U-198? (Msomaji wa kike, Embu)

Marahaba, binti yangu, na poleni, hata kama ni miaka mingi.

Siyo U-198, wala si ya Wajerumani. Khedive Ismail ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944, na siku hiyo U-198 ilikuwa bado Ufaransa. Iliyopiga ni nyambizi ya Wajapani, I-27, ikiongozwa na Toshiaki Fukumura.

Msafara uliitwa KR-8, ulitoka Kilindini mwanzoni mwa Februari kwenda Colombo. Ndani ya Khedive Ismail kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa huduma za jeshi. Ilikuwa mchana, karibu na visiwa vya Maldivi. Torpedo mbili zikaipiga, na meli ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Walio vyumba vya chini hawakuwa na nafasi. Watu 1,297 walikufa.

Liko jambo jingine ambalo pengine familia yenu haikuambiwa. I-27 ilijificha chini ya maji mahali palepale waokokaji walipokuwa wakielea. Manowari mbili za Waingereza, Petard na Paladin, zikaitupia mabomu kati ya watu hao, zikiwa zinaogopa kwamba nyambizi ikiachwa itazamisha meli nyingine za msafara, nazo zimejaa askari. Wapo waliookoka torpedo wakauawa na mabomu hayo. Mwishowe I-27 ikalazimika kutokeza, na Petard ikaimaliza kwa torpedo. Mabaharia wamebishana tangu siku hiyo kama amri ile ilikuwa sahihi. Mimi ningekuwa kwenye daraja la Petard sijui ningeweza kuitoa, na ningekuwa ndani ya meli nyingine ya msafara ningeomba itolewe.

Askari wa Afrika Mashariki waliokufa bila kaburi wanakumbukwa kwenye mnara wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, njia ya Ngong. Nenda na jina kamili la babu na namba yake ya jeshi kama mnayo. Majina yamepangwa kwa vikosi, kwa hiyo tafuta jeshi la mizinga la Afrika Mashariki kwanza.

Mzee, naomba utukate kiu. Ile nyambizi ya Wajerumani iliyozama mto Rufiji ilifikaje mtoni? (Msomaji, Kibiti)

Haikufika, ndugu yangu, kwa sababu haikuwa nyambizi, wala haikuwa vita ya Hitler. Ile ni Königsberg, manowari ya juu ya maji ya vita ya kwanza. Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, halafu injini zikaisumbua, ikajificha kwenye matawi ya Rufiji. Waingereza waliifunga humo miezi, mpaka Julai 1915 walipoishambulia kwa meli zenye kina kifupi zikiongozwa na ndege, na Wajerumani wenyewe wakaimalizia. Mizinga yake waliing'oa wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine ulisafirishwa mpaka Kigoma ukafungwa juu ya meli ambayo sisi leo tunaiita Liemba.

Assalamu alaikum Babu. Naandika kutoka Maskati. Huku wazee wa Kizanzibari husimulia habari za meli ya fedha iliyozamishwa na nyambizi ya Hitler nje ya Oman. Je, ni kweli, na je, imebaki fedha yoyote? (Msomaji, Maskati)

Wa alaikumu salaam. Ni kweli, na ilikuwa majuma mawili na kidogo tu baada ya U-198 kuzama. Meli ni John Barry ya Wamarekani, moja ya zile meli za Liberty zilizoundwa kwa haraka wakati wa vita. Ilikuwa njiani kutoka Aden kwenda Ras Tanura, ndani yake riyali za fedha milioni 3 zilizopigwa Philadelphia kwa ajili ya Saudia. Nyambizi ilikuwa U-859, ya aina ileile ya IXD2, chini ya Johann Jebsen. Ikaipiga tarehe 28 Agosti 1944 kusini mwa pwani ya Oman.

U-859 haikufurahia sana. Ilikuwa ikielekea Penang na shehena ya zebaki, na tarehe 23 Septemba, ikikaribia bandari, nyambizi ya Waingereza Trenchant ikaisubiri ikiwa chini na kuipiga torpedo. Watu 47 walikufa, Jebsen akiwa mmoja wao. Ishirini waliokoka, wengine kwa kutoka ndani ya nyambizi ikiwa tayari imelala chini ya bahari, jambo ambalo ukiniuliza mimi ni gumu kuliko kuzamisha meli yoyote.

Fedha: mwaka 1994 meli ya uchimbaji ilikwenda na mtambo wa kunyakua, ikapasua sitaha ya John Barry na kutoa sarafu kiasi cha milioni 1.3. Toa kwenye milioni 3, utaona kilichobaki bado ni kingi. Zipo pia hadithi za maelfu ya tani za vipande vya fedha humo ndani, na wachimbaji wa 1994 hawakutoka na hata kipande kimoja cha aina hiyo. Riyali nyingine zilishauzwa kwa watoza sarafu, kwa hiyo njia rahisi ya kupata moja ni kuulizia kwa wauza sarafu wa zamani. Ile ngumu ni kuzifuata zenyewe zilipo: meli imelala kina cha mita 2,600 hivi, na kwa kina hicho hata U-859 ingekuwa imekunjika kabla ya kufika robo ya njia.